Jinsi ya kuwasimamia watoto watengeneze boti zao wenyewe kambini, boti za kukalia kabisa

Kama umepewa kundi la watoto kambini kipindi hiki cha likizo na mna siku tano za kukaa pamoja, nakuomba sana uwape kazi ya kutengeneza boti. Sisemi zile za karatasi za kuchezea kwenye beseni, hizo tutafika, nasema boti za maboksi ambazo siku ya mwisho watoto wenyewe wanazibeba vichwani mpaka majini, wanaingia, wanakaa na kupiga kafi. Nimeisimamia hii kazi likizo nyingi sasa na bado sijapata kazi nyingine ya mikono inayowafanya watoto waliokutana jana asubuhi wawe wanagombana kwa vipimo kesho yake kama mafundi wa siku nyingi.

Kabla ya vifaa niseme jambo moja ambalo kwangu ndio roho ya kazi yote. Boti ni ya watoto. Mkubwa ana kazi mbili tu, maji na wembe, hapo usilegeze hata kidogo, lakini kila kitu kingine mikono yako ikae mfukoni. Najua inauma kuangalia mtoto anabandika tepu imejikunja kunja wakati wewe ungeibandika kwa sekunde tano ikanyooka, ila ukiishika ile tepu tu umeshamwambia kwamba boti ni yako na yeye ni msaidizi. Badala ya kushika, uliza. Swali langu ni lile lile kila mwaka, "hapa maji yataingilia wapi?" afu naondoka, naenda kundi lingine, nikirudi baada ya dakika kumi mara nyingi wameshabandua na kubandika upya wenyewe.

Makundi nayapanga ya watoto wanne wanne. Watatu, mmoja huwa anabaki nje. Watano, mmoja hana cha kufanya anaanza kurusha maboksi. Wanne wanagawanyika wawili wawili vizuri, wawili wanashika wawili wanabandika, na siku ya majini wawili wanapanda wawili wanasubiri zamu. Changanya umri, usiweke wakubwa peke yao, maana mtoto wa miaka 7 anapita chini ya boti mahali ambapo wa miaka 12 haingii na hilo utaliona faida yake mbele.

Siku ya kwanza: foili na gololi

Siku ya kwanza msiguse boksi kabisa. Chukua foili ile ya jikoni, kata vipande vya mraba vya sentimita 30 kwa 30, kila watoto wawili kipande kimoja, weka mabeseni ya maji na mfuko wa gololi, waambie boti itakayobeba gololi nyingi bila kuzama ndio imeshinda. Usiseme zaidi ya hapo.

Utaona wenyewe, kuna watakaoikunja foili mara nne tano ili iwe ngumu, inakuwa nene kweli lakini imebaki ndogo kama kiganja na gololi chache tu zinaimaliza. Wengine watatengeneza ndefu nyembamba yenye ncha mbele kwa sababu ndivyo boti inavyochorwa, na ikiwekwa gololi ya tatu upande mmoja inalala. Afu watakuwepo wawili wametengeneza kitu hakivutii hata kidogo, kama sinia lenye kingo fupi, wanapanga gololi moja moja kuanzia katikati kwenda pembeni, na hilo sinia litabeba mpaka watoto wote wanasogea kulizunguka.

Sasa ndio unauliza. Kwa nini hili? Waache waseme. Wengi watasema kwa sababu ni kubwa, waambie foili zote zilikuwa sawa, kwa hiyo sio ukubwa wa foili, ni nini? Kama una udongo wa kuchezea chukua donge, tumbukiza, linazama, kisha donge lile lile likandamize liwe bakuli, linaelea. Uzito haujabadilika hata gramu moja. Kilichobadilika ni kiasi cha maji kilichosukumwa pembeni. Hii Archimedes wa Syracuse, mtaalamu wa hesabu wa kale, aliiandika zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, kwamba chombo kinabebwa na nguvu sawa na uzito wa maji kiliyoyasukuma, na mtoto akiiona kwa donge lake mwenyewe haisahau.

Hesabu kidogo kabla ya kukata

Lita moja ya maji ni kilo moja. Ukiwa na hilo tu unaweza kujua boti itazama kiasi gani kabla hata hujaikata na watoto wa kuanzia miaka 9 wanaiweza hesabu hii wenyewe, wape karatasi.

Vipimo ninavyovitumia mimi ni urefu sentimita 150, upana 60, kuta zimesimama 30. Kila sentimita moja inayozama inasukuma 150 × 60 × 1, yani sentimita za ujazo 9,000, ambazo ni lita 9, ambazo ni kilo 9. Watoto wawili wa kilo 30 kila mmoja pamoja na boti yenyewe tuseme kilo 6, jumla 66. Gawa kwa 9, boti itazama sentimita 7 na kidogo. Ukuta ni 30 kwa hiyo juu ya maji inabaki kama 22, salama.

Sasa waambie wafanye hesabu ya boti wanayoitaka wao, maana lazima kuna kundi litataka nyembamba ya kukimbia. Urefu 100, upana 40, kila sentimita inabeba kilo 4, zile kilo 66 zinaizamisha zaidi ya sentimita 16, nusu ya ukuta imeshaingia majini na bado hamjaongelea kupinduka. Upana ndio unaozuia kupinduka, na kukaa chini pia. Mtoto akikaa au kupiga magoti kwenye sakafu ya boti uzito wake uko chini, akisimama uzito umepanda juu na boti inamtupa. Kwa hiyo hakuna viti vya juu, hata wakiomba vipi.

Uzito wa watoto usiutangaze mbele ya wenzao. Mimi nawaambia wote wahesabu kilo 40 kila mtu, basi, inatosha na inaacha ziada.

Boksi lenyewe

Tafuta maboksi makubwa ya friji au mashine za kufulia, yale yenye mawimbi ndani ya tabaka mbili kama unayapata. Unataka kipande kimoja kizima cha sentimita 210 kwa 120. Kama hakipo unga vipande viwili, vilaliane angalau sentimita 20, gundi katikati na tepu pande zote mbili, na ule muungano usiwe katikati ya boti pale watoto watakapokaa, uusogeze mbele au nyuma. Angalia yale mawimbi ya ndani ya boksi yanaelekea wapi, yaende kwa urefu wa boti, kutoka omo mpaka tezi. Omo ni mbele, tezi ni nyuma, mimi nawafundisha haya majina siku ya kwanza na wanayapenda sana, ikifika siku ya tatu hakuna anayesema mbele wala nyuma tena. Mawimbi yakikata upande upande boti itavunjika katikati kama daftari linavyofungwa.

Chora mstari kuzunguka kipande chote, sentimita 30 kutoka kila ukingo. Ndani unabaki na 150 kwa 60, hiyo ndio sakafu, na kile kinachobaki nje ndio kuta. Juu ya ile mistari pitisha mpini wa kijiko ukikandamiza, pamoja na rula ndefu au ubao ulionyooka, mpaka boksi libonyee bila kuchanika. Usitumie wembe hapa hata kukwaruza kidogo. Tabaka la nje likishakatwa maji yamepata mlango.

Na sasa pembe, tafadhali hapa soma taratibu kwa sababu boti nyingi nilizoziona zikizama zimezama kwa pembe. Kila mtu akishika boksi wazo la kwanza ni kukata pembe ili kuta zisimame. Usikate. Kwenye kila pembe una mraba wa sentimita 30 kwa 30, chora mstari wa kuukata mraba ule mshazari kuanzia kona ya sakafu kwenda kona ya nje, bonyeza na kijiko, halafu nyanyueni kuta mbili kwa pamoja, ule mraba utajikunja wenyewe uwe sikio la pembetatu linalotokeza nje. Lilaze lile sikio juu ya ukuta mfupi, wa omo au wa tezi, libandike. Ni kama unavyofunga zawadi. Kwa njia hii chini ya maji hakuna mahali popote palipokatwa, boksi ni zima kutoka kona hadi kona, na hata tepu ikiachia bado maji hayana pa kupita. Kazi hii inahitaji mikono minane, wanne wananyanyua kwa wakati mmoja, hawawezi kuifanya huku wamenuniana.

Wakitaka omo iliyochongoka waambie inawezekana ila inakula nafasi inayobeba uzito na inaleta maungio mengi. Mimi huwashauri wauinamishe tu ukuta wa mbele kidogo kama pua ya mashua pana, inapanda juu ya maji vizuri. Kuna mwaka kundi moja lilikataa katakata, likachonga omo ndefu kali, na ilielea, kwa sababu walirudi kwenye hesabu wakaongeza urefu sentimita 40 nyuma. Hiyo ndio namna nzuri ya kumkatalia mwalimu.

Ndani ongeza sakafu ya pili, kipande cha 148 kwa 58, na hiki mawimbi yake yaende upande upande, kinyume na ya chini, hapo ndio inakuwa ngumu. Gundi ya mbao ya kawaida inayeyuka kwenye maji kwa hiyo tafuta ile iliyoandikwa haiingii maji, na mweke vitu vizito juu mpaka asubuhi. Magoti ya mtoto ni madogo na yanakandamiza sehemu moja, bila sakafu ya pili yanatoboa.

Kingo za juu nazo zinalegea, zinafunguka kwenda nje mtoto akiegemea. Chukua fito nyembamba au mabomba magumu ya karatasi yale yanayobaki kwenye maturubai na mazulia, yafunge kwa tepu kuzunguka ukingo wote, halafu weka moja limekingama katikati kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Lile linalokingama wasilikalie. Lipo kushikilia kuta.

Tepu inayofaa ni ile nene yenye uzi wa kitambaa ndani. Hii ya kahawia ya kufungia vifurushi inaachia ikilowa. Pangusa vumbi kwanza, tepu haishiki kwenye vumbi wala kwenye unyevu, kila mstari upande juu ya mwenzake nusu, na ukishabandika sugua kwa mgongo wa kijiko. Watoto wadogo kusugua ndio wanakopenda, wape kijiko kila mmoja. Na kila ukingo uliokatwa, pale ambapo unaona vitundu vya mawimbi, ufunikwe na tepu hata kama uko juu kabisa, maana maji yananyonywa na vile vitundu mpaka ndani ya boksi na baada ya robo saa una uji.

Kuhusu wembe wa maboksi, wa miaka 11 kwenda juu tu, mmoja anakata wengine wamekaa nyuma yake, mkono unaoshika uko nyuma ya wembe sio mbele, na wembe ukimaliza kazi unarudi mkononi kwangu, hauwekwi chini. Wadogo wanatumia visu vya plastiki vyenye meno, vinakata boksi vizuri tu ila polepole. Nahesabu nyembe asubuhi na jioni.

Kuhesabu nyota

Hii sehemu ndio naipenda kuliko zote. Boti ikishafungwa tepu na kabla ya rangi, ipelekeni juani, ipindueni chini juu, mtoto mdogo wa kundi aingie chini yake. Wenzake wafunike pembeni kwa mablanketi iwe giza. Ndani kule kila kitundu kinaonekana kama nyota. Yule wa ndani anaita, "moja hapa, upande wa tezi, karibu na mguu wako!" na wa nje anagusa na kidole, "hapa? hapa?" mpaka kidole kinaiziba nyota, basi mwenye maka peni anaweka alama ya duara. Wakimaliza wanabandika tepu kwenye kila duara wanarudia tena, mwingine anaingia.

Nakumbuka kundi moja lilihesabu nyota 23 mara ya kwanza. Walinyamaza kabisa. Mara ya pili zikawa 6, mara ya tatu yule mtoto alikaa kule chini muda mrefu mpaka wakaogopa, afu akasema taratibu sana, "hakuna hata moja." Huyo mtoto tangu afike kambini alikuwa haongei na mtu.

Usiharakishe hapa. Ikila mchana mzima iache ile. Na blanketi likae la kufunika tu, mtoto awe anaweza kutoka mwenyewe muda wowote, anayeogopa giza asilazimishwe.

Rangi, na kusubiri

Mikono miwili ya rangi ya mafuta au rangi ya nje ya ukuta, nje yote na ndani mpaka nusu ya ukuta, na kati ya mkono wa kwanza na wa pili mwache ikauke kabisa. Fanyeni kwenye hewa. Rangi ikiwa bado mbichi boti ikaingizwa majini inabanduka pamoja na karatasi ya juu, nimeona kundi linalia kwa hilo na kosa lilikuwa langu nililoruhusu waharakishe. Kwa hiyo siku ya tatu jioni iwe mwisho wa rangi, siku ya nne nzima ikauke.

Jina la boti waamue wenyewe, na tegemea ugomvi. Usiwapigie kura wewe.

Siku ya kusubiri ni ya makafi na hadithi. Kafi la mtoto linatosha likiwa refu kutoka chini hadi kifuani kwake, mpini wa mbao laini uliopigwa msasa usiwe na vibanzi, na bamba la ubao mwembamba au kipande cha dumu la plastiki kilichofungwa kwa skrubu mbili, ncha za skrubu zisitokeze. Wafundishe kupiga wakiwa nchi kavu, wamekaa chini wawili wawili, mmoja kulia mmoja kushoto, wanahesabu kwa pamoja moja mbili moja mbili. Wasipohesabu boti inazunguka pale pale kama pia. Kila boti iwe pia na kopo la kuchotea na kumwaga maji yanayoingia, limefungwa kamba fupi ndani.

Hadithi ninayowasimulia ni ya msafiri Thor Heyerdahl wa Norway na boti yake ya mafunjo iliyoitwa Ra. Mwaka 1969 yeye na wenzake walitoka Safi, Morocco, wakitaka kuvuka Atlantiki kwa matete yaliyofungwa kamba tu. Kulikuwa na kamba moja, ile ya kuivuta tezi ibaki juu, ambayo hawakuielewa umuhimu wake, na kwa kukosekana kwake tezi ikaanza kuzama taratibu siku baada ya siku mpaka boti ikabidi iachwe, wakati walikuwa wamebakiza kama wiki moja tu kufika. Mwaka uliofuata, 1970, wakajenga nyingine, safari hii waliofunga matete ni mafundi wa Kiaymara kutoka Ziwa Titicaca huko Amerika Kusini, ikatoka Safi ile ile na ikafika kisiwa cha Barbados, ng'ambo ya Atlantiki, baada ya siku 57. Watoto wakishasikia hii wanarudi kwenye boti zao wanakagua kila kamba na kila tepu bila kuambiwa.

Kama maboksi hayapatikani

Basi tengenezeni chelezo, yani jukwaa la mbao linaloelea juu ya madumu au chupa tupu. Dumu la lita 20 lililofungwa vizuri linabeba kama kilo 19, manane yanabeba karibu kilo 150, lakini usiuchukue uwezo wote, chukua nusu tu, yani chelezo cha madumu manane kibebe watoto wawili pamoja na mbao zake. Madumu yakae pembeni manne manne, katikati pabaki wazi, kinatulia zaidi kuliko yakikusanyika kati. Funga kwa kamba sio msumari na kila dumu lifungwe mara mbili, likichomoka moja lisichomoke na mwenzake.

Chupa za plastiki za lita moja na nusu nazo zinafaa, mia moja zinabeba kama kilo 145. Mwaka 2010 boti inayoitwa Plastiki iliyoelea kwa chupa kama 12,500 ilitoka San Francisco ikafika Sydney, kwa hiyo hakuna wa kusema chupa ni mchezo. Chupa zifunge vifuniko asubuhi kukiwa na ubaridi. Ukizifunga mchana wa jua kali afu zikaingia maji ya baridi, hewa ya ndani inanywea, chupa zinalegea na kamba zote zinalegea nazo. Povu jeupe la vifungashio msilitumie bila kulifunika, linapukutika punje punje na punje zile hazikusanyiki tena kutoka majini.

Kwa watoto chini ya miaka 6 msiwapandishe kitu chochote walichojenga. Wao wape boksi la maziwa lililooshwa, vijiti viwili pembeni vimetokeza nyuma, rababendi kati ya vijiti na kipande kidogo cha plastiki katikati ya rababendi. Wanakizungusha kurudi nyuma mara 20 au 30, wanaachia, boti inakwenda yenyewe. Watakaa nacho kutwa.

Siku ya majini

Hapa mikono inatoka mfukoni. Maji yawe yametulia, hayana mkondo, na kina kisizidi kifua cha mtoto mfupi kuliko wote. Bwawa la kuogelea ni bora zaidi, ziwa linafaa pale penye mchanga unaoshuka taratibu na mmeshapita kwa miguu kuangalia vigingi na chupa zilizovunjika. Upepo ukiwa unavuma kutoka nchi kavu kwenda majini ahirisheni, hata kama wazazi wameshafika, kwa sababu boti ya boksi haina uzito, upepo unaichukua haraka kuliko mtoto anavyoweza kupiga kafi.

Kila mtoto anavaa laifu jaketi ya uzito wake, imefungwa mpaka mwisho, hata anayejua kuogelea, hata aliyekaa ukingoni akisubiri. Ijaribu kwa kuishika mabegani na kuivuta juu, ikipanda mpaka masikioni ni kubwa, badilisha. Vile vipulizo vya mikononi havihesabiki. Hakuna mtoto kufungwa kwenye boti kwa kamba, hakuna kufunika boti juu kwa namna ambayo mtoto hawezi kutoka, hakuna kamba ndefu zinazoelea.

Wakubwa wanaojua kuogelea wawe ndani ya maji, wamesimama, sio ukingoni na simu wanapiga picha. Mimi naweka mmoja kwa kila boti iliyoko majini na mwingine ukingoni ambaye kazi yake ni kuhesabu vichwa tu, hafanyi kitu kingine. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mkono, anakuwa kimya, ndio maana macho ya yule wa kuhesabu yasitoke majini. Boti zisizidi mbili kwa wakati mmoja.

Kwanza boti inaingia tupu. Isukumeni, iacheni dakika tano, itoeni, iangalieni ndani kama kuna unyevu. Kisha anaingia mmoja, anakaa chini katikati. Kisha wa pili. Na kabla ya safari yoyote ipindueni kwa makusudi karibu na ukingo, mkubwa ameshika, ili wajue inavyokuwa, boti inalala, unajikuta majini, unaishika boti, unatulia, unasubiri. Mtoto aliyeshapinduka mara moja akicheka hapaniki mara ya pili.

Mashindano ya mbio mimi nimeacha. Naweka boya moja kama mita 10, kila boti inaizunguka inarudi, afu wawili wanashuka na wawili waliokuwa wanasubiri wanapanda. Boti nzuri ya boksi itakaa majini nusu saa, nyingine dakika 40, kisha sakafu inaanza kulainika chini ya magoti. Hapo itoeni, hata wakiomba safari moja ya mwisho. Midomo ya mtoto ikibadilika rangi au akianza kutetemeka yeye anatoka kabla ya boti.

Ikizama, wape nafasi wakae nayo pale ukingoni. Usiseme kitu. Muda si mrefu mmoja ataanza kupapasa chini yake akitafuta palipoingia maji, na wenzake watachutama naye, na hapo ndio uwaulize kama wanataka tepu.

Mkimaliza, boti zikauke juani, tepu zibanduliwe, boksi lipondwe, fito na makafi yawekwe kwa ajili ya mwaka kesho. Kila kundi lipite ukingoni na majini likiokota vipande vyake, na mwenye kuhesabu vichwa ahesabu mara ya mwisho, watoto kwanza, laifu jaketi baadaye.